Spika za mtumba: Nairobi, Unguja au Dubai? Piga hesabu ya ushuru kwanza

Nina karakana ndogo Moshi. Natengeneza amplifaya, nafunga vyombo makanisani na kwenye kumbi za harusi, na simu ninayopigiwa mara nyingi kuliko zote ni hii: "Fundi, nimeona mixa Nairobi kwa nusu ya bei ya hapa. Nichukue?" Mwingine kaona Unguja. Mwingine ana shemeji Dubai. Wote wanaijua bei ya kununulia, wala hakuna anayejua itamgharimu kiasi gani mpaka ifike nyumbani. Nami kabla hatujafika kwenye modeli huwa nauliza jambo moja: risiti utapata?

Haya ninayoyaandika yanamlenga anayeishi Tanzania Bara na kutaka kuleta vyombo vya sauti vilivyokwisha tumika. Msomaji wa Kenya anayevusha kutoka huku kwenda kwake anaweza kuigeuza hesabu: sheria ya forodha ni ileile, ila VAT yake ni 16% badala ya 18%, na tozo ndogondogo za kwao ni nyingine.

Tunapima kwa vigezo gani

Cha kwanza ni kodi yenyewe. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinatumia Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya 2004, pamoja na viwango vya pamoja vya ushuru: 0%, 10%, 25%, na tangu Julai 2022 kuna ngazi ya 35%. Maiki, spika, hedifoni na amplifaya zimo kwenye kichwa namba 8518 cha orodha hiyo ya ushuru. Tantebo, ile mashine ya kupigia santuri, iko 8519. Kiwango kinafuata namba hiyo, hakifuati hali ya chombo. Spika yenye vumbi la miaka kumi na spika iliyotolewa kwenye boksi asubuhi ya leo zinasomwa mstari mmoja. Kwa hesabu za hapa natumia 25%, ili mtu ajiandae vya kutosha. Kabla ya kulipa, mwambie wakala wa forodha akusomee kiwango cha namba ya chombo chako.

Cha pili ni thamani, na hapa ndipo watu wanapoumia. Asilimia sawa, lakini asilimia ya nini? Sheria inaanza na bei uliyolipa kweli. Afisa akiwa na sababu ya kuitilia shaka anashuka ngazi: bei ya kitu kilekile kilichoingizwa na mtu mwingine, kisha ya kitu kinachofanana nacho, na kuendelea mpaka makadirio. Njia ziko sita. Gari la mtumba lina kikokotoo chake TRA, mamlaka ya mapato. Unaingiza modeli na mwaka, uchakavu unapunguzwa. Spika haina kikokotoo. Ushahidi wa uchakavu wake ni bei uliyolipa, na ushahidi wa bei ni karatasi.

Cha tatu ni usafiri, kwa sababu nauli ya mzigo na bima kwa kawaida vinajumlishwa kwenye thamani kabla kodi haijapigwa. Cha nne, nafasi ya kukijaribu chombo kabla hujatoa hela. Cha tano, karatasi itakayobaki kwako baada ya yote.

Tuone kwa tarakimu. Mixa imenunuliwa kwa shilingi 1,000,000, usafiri na bima 100,000. Thamani ya forodha ni 1,100,000. Ushuru wa 25% ni 275,000. VAT haipigwi kwenye thamani peke yake, inapigwa kwenye thamani pamoja na ushuru, yaani 1,375,000. Asilimia 18 yake ni 247,500. Kodi hizo mbili zimefika 522,500. Kiwango kingekuwa 10%, zingekuwa 327,800. Juu yake kuna ada ya kushughulikia forodha ya 0.6% ya bei ya kununulia, tozo ya maendeleo ya reli, na kwa baadhi ya vifaa vya kurekodi na kunakili, tozo ya hakimiliki iliyokuja na Sheria ya Fedha ya 2023. Mimi kwa hesabu ya kichwani huongeza nusu: chombo cha milioni, tenga milioni na nusu, halafu nauli.

Sasa ile habari ya karatasi. Niliwahi kuvuka mpaka mmoja, sitautaja, nikiwa na sabufa mbili za inchi 18 na amplifaya moja. Muuzaji alikuwa kijana anayefunga ukumbi wake, akaniandikia kwenye karatasi ya daftari: jina, bei, sahihi. Mezani, afisa aliigeuza ile karatasi upande wa pili kama anayetafuta maneno yaliyobaki. Akachukua simu yake, akaandika modeli iliyoko mgongoni mwa amplifaya, ikaja bei ya dola, ya kitu kipya, duka la Ulaya. "Kaka, hii hapa." Nikamwonesha koni ya sabufa ilivyochanika pembeni, na gundi niliyoipaka mwenyewe bado inanata. "Mimi naangalia modeli," akasema, na wala hakuwa mkali. Kilichonisaidia ni ujumbe wa M-Pesa wenye kiasi na jina la aliyepokea, lilelile la kwenye karatasi, pamoja na picha ya tangazo lenye bei. Akashuka, ila si mpaka chini. Nililipa karibu mara mbili ya nilichokuwa nimekitenga. Sheria inampa mtu siku 30 za kumwandikia Kamishna wa forodha kupinga uamuzi wa namna hiyo, lakini wakati ule sikulijua hilo, na harusi ilikuwa Jumamosi. Tangu siku hiyo silipi kwa noti mkononi.

Nairobi, kwa njia ya Namanga, Holili au Horohoro

*Bei na kupima.* Kwa kupima, Nairobi haina mpinzani. Unaingia Luthuli Avenue na flashi yako na maiki yako mwenyewe, unachomeka, unasikiliza. Sogeza kila fada, vile vitelezi vya sauti vya mixa, polepole huku sauti ikiwa juu, mikwaruzo utaisikia. Mwombe muuzaji aiache amplifaya iwake nusu saa, kisha weka kiganja juu yake. Umeme wa Kenya ni volti 240, hertz 50, na plagi zao ni hizi hizi zetu za miguu mitatu bapa, kwa hiyo kinachofanya kazi kule kitafanya kazi huku. Bei za madukani si za ajabu. Bei nzuri ziko kwa watu binafsi: bendi iliyovunjika, ukumbi uliofungwa, kanisa lililobadilisha vyombo.

*Kodi.* Kuna kauli moja inayowaponza watu kila wiki: "Kenya ni Jumuiya, hakuna ushuru." Sifuri ya Jumuiya ni ya bidhaa zenye asili ya Jumuiya, zilizolimwa au kutengenezwa humu kwa vigezo vilivyowekwa, na zenye cheti cha uasili. Mixa ya Yamaha iliyotengenezwa Asia, ikateremka Mombasa, ikalipiwa ushuru wa Kenya, ikapiga harusi Nairobi miaka minane, haijawa bidhaa ya Jumuiya kwa kuishi Nairobi. Ikifika Namanga inasomwa kama kitu kilichotoka nje. Ushuru uliolipwa Mombasa haukatwi kwenye wako. Kibaya zaidi, umo ndani ya bei uliyomlipa muuzaji, kwa hiyo unalipa ushuru juu ya ushuru, na VAT juu ya VAT.

Wengine watakutajia kile cheti rahisi cha uasili cha wafanyabiashara wadogo, cha mzigo usiozidi dola 2,000. Kipo kweli, na kinamsaidia sana mama anayevusha bidhaa za humu. Kwa spika ya JBL hakikusaidii kitu, kwa sababu urahisi wake ni wa karatasi tu. Masharti ya asili hayajaondolewa. Na lile boksi la mbao alilochonga fundi wa Nairobi akafunga ndani yake spika ya nje? Spika tupu na spika iliyo ndani ya boksi zote zimo 8518, hivyo hawezi kudai asili ya Jumuiya kwa kusema bidhaa imebadilika kichwa. Itambidi aoneshe kiasi cha thamani alichoongeza yeye, na cheti kitafutwe Kenya kabla mzigo haujavuka. Hata kikipatikana, VAT ya 18% iko palepale.

*Usafiri.* Ni nafuu, unabeba mwenyewe. Namanga tangu 2018 ina kituo cha pamoja: taratibu za kutoka Kenya na kuingia Tanzania zinamalizikia kwenye jengo moja. Fika mchana. Anayefika saa tatu usiku na sabufa juu ya basi, abiria wakimpigia kelele, atakubali tathmini yoyote.

*Karatasi.* Duka lililosajiliwa litakupa risiti ya eTIMS, mfumo wa risiti wa mamlaka ya kodi ya Kenya. Mtu binafsi hana, kwa hiyo andikianeni hati fupi ya mauziano yenye modeli, namba ya siri ya chombo (ile serial number iliyoko kwenye kibandiko cha nyuma), kasoro zote alizokuonesha, bei na tarehe, kisha lipa kwa simu au benki. Kasoro ziandikwe kabisa: "koni ya kushoto imechanika, chaneli ya 7 haitoi sauti." Bei ndogo ikiwa na sababu iliyoandikwa inaaminika zaidi.

Kijana wa bodaboda pale mpakani atakwambia anajua njia nyingine. Bei yake ni hii: chombo kikikamatwa kinataifishwa, na pikipiki iliyokibeba nayo.

*Inamfaa nani.* Mtu wa Arusha, Moshi au Tanga anayetaka kusikia kabla ya kulipa, na anayenunua vitu vizito ambavyo nauli yake kutoka mbali ingemmaliza. Anayetafuta unafuu wa kodi asije huku. Haupo.

Unguja

*Bei na kupima.* Madukani Darajani na Mlandege, na kwenye stoo za mitumba, kuna vyombo vya nyumbani vizuri mno: amplifaya za zamani zenye uso wa aluminiamu, dekki, tantebo, spika za mbao halisi. Vingi vimekuja na mizigo ya mtumba kutoka Ulaya, Ghuba na Japani. Vyombo vizito vya ukumbini ni vichache. Utajaribu dukani, ila angalia jambo moja ambalo muuzaji hatakukumbusha. Mteja wangu mmoja aliniletea amplifaya ya Kijapani, safi, nobu zote zinazunguka kama zimepakwa siagi. Alipofika nayo nyumbani aliichomeka moja kwa moja ukutani. Nilipofungua kifuniko, harufu ya vanishi iliyoungua ilitoka kabla sijaona chochote, transfoma imekwisha. Nyuma, karibu na tundu la waya wa umeme, pameandikwa AC 100V, maandishi madogo kuliko ukucha. Japani umeme ni volti 100. Muuzaji alikuwa akiijaribu dukani kwa kupitia kile kiboksi cha kupunguza umeme kilichokuwa chini ya meza, na mteja hakuinama. Gharama ya kiboksi hicho iingize kwenye bei.

*Kodi.* Unguja si nje ya nchi, na bado kuna meza ya forodha ukishuka Dar es Salaam. Jambo hili lilikuwamo kwenye orodha ya kero za Muungano kwa miaka mingi, na ukisimama pale kwenye foleni utasikia likijadiliwa kwa lugha isiyochapishika. Mantiki yake ni hii: TRA ndiyo inayokusanya ushuru wa forodha pande zote mbili, lakini thamani zilizokuwa zikitumika Unguja mara nyingi zilikuwa chini, na VAT ya Zanzibar ni 15% dhidi ya 18% ya Bara. Chombo kikivuka, kinachodaiwa ni tofauti.

Mfano: tantebo ilithaminiwa Unguja kwa 600,000. Ikalipiwa ushuru wa 25%, 150,000, na VAT ya 15% kwenye 750,000, yaani 112,500. Bara wakiithamini kwa 1,000,000, ushuru ni 250,000 na VAT 225,000. Tofauti ya ushuru ni 100,000 na ya VAT ni 112,500. Utatoa 212,500 juu ya bei uliyolipa dukani. Ila ukishindwa kuonesha kwamba ya kwanza ililipwa, hutakuwa na cha kukatia, na hapo hesabu inaanza sifuri.

*Usafiri.* Boti, saa mbili hivi. Tantebo ibebe mikononi, sindano umeitoa na mkono wake umeufunga kwa uzi. Sabufa ziende na meli ya mizigo.

*Karatasi.* Risiti ya duka haitoshi peke yake. Mwombe muuzaji nakala ya hati ya forodha ya mzigo aliouingiza, hata kama chombo chako ni mstari mmoja kati ya mia. Wenye maduka ya kudumu huwa nayo. Anayeuza kwenye mkeka hana, naye ndiye mwenye bei nzuri, kwa hiyo hapo uchague mwenyewe.

*Inamfaa nani.* Mpenzi wa muziki wa nyumbani anayetafuta kipande kimoja chenye hadhi, na mtu wa Dar au Bagamoyo ambaye safari yenyewe ni matembezi. Mwenye kumbi atapoteza muda.

Dubai, kwa wakala wa mizigo

*Bei na kupima.* Mtaa wa Deira kuna kila kitu, na Sharjah, jirani na Dubai, kuna maghala ya mitumba ambayo ukiingia unasahau ulichofuata. Bei ya kununulia mara nyingi huzishinda zote mbili za juu. Tatizo: wewe uko Moshi, anayenunua ni shemeji, na anakuonesha kwa simu ya video. Kwenye WhatsApp kila spika ina sauti ya simu. Mgurumo wa amplifaya yenye kapasita zilizochoka huwezi kuusikia. Mwambie apime vinavyoonekana: awashe chaneli moja moja na kukuonesha taa za mita zikipanda, abonyeze koni taratibu kwa vidole vinne kuona kama inakwaruza, apige picha kibandiko cha volti na cha namba ya siri. Umeme wa huko unafanana na wetu, lakini ghala la Dubai limejaa vitu vilivyotoka Japani na Marekani pia.

Maiki zisizo na waya ni hadithi nyingine. Marekani ilizizuia zile za masafa ya megahertz 600 mwaka 2020, masafa yakapewa kampuni za simu, na tangu hapo zinauzwa kwa bei ya kutupa. Huku kwetu kifaa chochote kinachorusha mawimbi kina habari yake na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inayotaka aina ya kifaa iwe imeidhinishwa. Bei ikiwa tamu kupita kiasi, soma namba za masafa kwanza.

*Kodi.* Ni nzito lakini haina mafumbo. Hakuna anayejidanganya kwamba Dubai ni Jumuiya. Unalipa ushuru, VAT na tozo, mara moja. Na kuna kipengele ambacho watu wengi hawakijui: kwa mzigo uliokuja kwa ndege, nauli ya ndege haijumlishwi kwenye thamani ya kukokotolea ushuru wa forodha. Kwa meli na barabara inajumlishwa. Mixa ya 1,000,000 iliyobebwa kwa ndege kwa 250,000 inatozwa ushuru kwenye milioni, hivyo 62,500 ya ushuru haikugusi. Ndiyo sababu kitu kidogo chenye thamani kubwa, maiki nzuri ya studio au kadi ya kurekodia, kinakuja vizuri kwa ndege, ingawa mtu akiona bei ya kilo anashtuka.

Mzigo wa kibiashara pia una macho ya TBS, shirika la viwango, ambao wana utaratibu wa ukaguzi kabla ya kupakia. Muulize wakala kabla hujanunua, si kontena likiwa baharini.

*Usafiri.* Ndege kwa kilo, meli kwa ujazo, kwenye kontena la kuchangia. Boksi la sabufa ya inchi 18 lina sentimita kama 60 kwa 60 kwa 70. Manne yanajaza mita moja ya ujazo, na ndani yake zaidi ni hewa. Unasafirisha hewa kutoka Ghuba. Wajanja hununua spika tupu kule na kuchonga boksi hapa.

*Karatasi.* Hapa ndipo ninapowagombeza wateja wangu zaidi. Wakala wengi wanatoa bei moja, "mpaka mlangoni, kodi ndani." Ni raha: huoni meza ya forodha, huhangaiki na namba ya malipo. Lakini mzigo wako umeingia pamoja na wa watu wengine hamsini, kwenye hati isiyo na jina lako. Kilichotamkwa humo kuhusu spika zako hukijui. Siku mkaguzi akiingia dukani kwako au ukitaka kuvuka nazo kwenda kupiga kazi Nairobi, huna cha kuonesha zaidi ya risiti ya nauli. Kwa maiki mbili, sawa. Kwa mzigo wa milioni kumi, lipia zaidi kidogo utolewe kwa TIN yako, namba yako ya mlipakodi, upate TANSAD, hati ya forodha ya mzigo, yenye orodha inayolingana na ankara.

*Inamfaa nani.* Mwenye duka anayeleta mara kwa mara, studio inayotafuta vitu vidogo vya bei kubwa, na mtu mwenye ndugu wa kuaminika kule, ndugu anayejua tofauti ya mixa na ikwalaiza. Kama shemeji mwenyewe anarudi nyumbani moja kwa moja, sheria inamsamehe ushuru anayehamia kwa vitu vya nyumbani alivyokuwa akivitumia huko, vikija naye au ndani ya siku 90 tangu afike. Redio yake ya sebuleni imo. Spika kumi na mbili za ukumbini, hata akiapa, hazikai sebuleni.

Nisisahau Kariakoo. Chombo kilichokwisha kulipiwa, chenye risiti ya EFD, unakipima leo na kukibeba leo. Kabla ya kukimbilia mpakani, chukua bei yake kama kipimo. Ikiwa bei ya Nairobi ukiiongezea nusu na nauli inaikaribia ya Kariakoo, huna sababu ya kupanda basi.

Kwa hali yako

Kanisa au ukumbi wa Kaskazini unaotaka boksi kubwa nne na amplifaya zake: Nairobi, na fundi wenu awepo wakati wa kupima. Wekeni bajeti ya kodi kamili tangu kikao cha kwanza, mhasibu asije akashangazwa mpakani.

Kijana wa studio ya nyumbani anayetaka maiki moja na kadi ya kurekodia: Dubai kwa ndege, ankara ya duka ikiwa na namba za siri. Kama haaminiki anayenunua kule, bora Kariakoo kwa bei ya juu kidogo.

Anayeota tantebo na amplifaya ya zamani: Unguja, aende na tochi ndogo ya kusomea kibandiko cha nyuma.

Anayetaka kuanza biashara ya vyombo vya mtumba: ajifunze kwanza na mzigo mmoja mdogo kwa TIN yake mwenyewe, popote atakapochagua. Mzigo huo utampa bei ya kweli ya kufikisha, na hati ya kuonesha siku thamani ya mzigo wa pili ikibishaniwa.

Mwenye tamasha moja mwezi ujao asinunue kabisa. Kampuni ya Nairobi inaweza kuleta vyombo kwa utaratibu wa kuingiza kwa muda, bila kulipa ushuru, kwa dhamana, virudi ndani ya muda uliokubaliwa, ambao hauzidi miezi 12. Vikiuzwa huku baada ya tamasha, ushuru unaamka.

Na wewe uliyenunua tayari, unayekwenda kupiga kazi ng'ambo ya mpaka na vyombo vyako: kabla ya kutoka, pita forodha ya upande wetu na orodha ya modeli na namba za siri, waikague na kuigonga muhuri. Vyombo vilivyolipiwa vikarudi havitozwi tena, ila afisa utakayemkuta ukirudi si yule uliyemkuta ukitoka. Saa nane za usiku, gari limejaa nyaya na wapiga ngoma wamelala, anachotaka kujua ni kama mixa hii ulitoka nayo au umeinunua jana.